Sura ya Nne: Shaba Ndani ya Gita

Fungua gita la umeme, ondoa kifuniko kilicho chini ya nyuzi, nawe utaona sumaku ndogo zilizozungushiwa waya mwembamba kuliko unywele. Waya huo ni wa shaba, umezungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, waya hupata umeme kidogo, na umeme huo ukipita kwenye kikuza sauti hutoka ukiwa mlio wa kujaza uwanja. Katika magita yaliyoipa roki jina lake, kama Fender Stratocaster iliyotoka mwaka 1954 na kupigwa baadaye na Jimi Hendrix, sumaku zilikuwa za alniko, yaani mchanganyiko wa alumini, nikeli, kobalti, chuma na shaba kidogo. Kobalti peke yake huchukua karibu robo ya sumaku ya aina hiyo.

Shaba na kobalti zikitajwa pamoja, mtu wa Kolwezi hahitaji kuonyeshwa ramani. Magita yale yalipokuwa yakiundwa, hakukuwa na nchi iliyotoa kobalti nyingi kuliko Kongo, na kobalti ya Kongo ilitoka Katanga. Mwenye mashimo alikuwa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, na mji wa Kolwezi wenyewe ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 ili uhudumie mashimo yake ya magharibi. Muziki ambao vijana wa Marekani na Uingereza waliutumia kukataa vita na kuhoji wakubwa wao ulipaza sauti kwa madini ya aina ile ile ambayo baba zetu waliyatoa ardhini.

Kutokana na jambo hilo nimejenga sura hii. Wengi hudhani kuwa wimbo wa ukweli huzaliwa na dhiki, kwamba watu wakiumia vya kutosha wataimba. Nilivyoisikia roki nikiwa kijana, na nilivyoona yaliyofuata, naamini vingine. Dhiki huwapa watu la kusema. Ili lisikike, panahitajika mshahara wa kununulia nyuzi, umeme wa kuwashia kikuza sauti, shule ya kufundisha maneno, redio ya kuyabeba, na serikali isiyomfunga aliyeyasema. Ukanda wa shaba uliwahi kuwa na vitu hivyo karibu vyote, lakini haukuvigawa sawa pande mbili za mpaka wa Kongo na Zambia.

Mzee wa Bunkeya

Kabla ya gita la umeme lilikuwapo la mbao, na mwalimu wake mkuu ni mtu wa kwetu. Jean Bosco Mwenda alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, mji mkuu wa zamani wa mfalme Msiri, ambao leo umo ndani ya mkoa wa Lualaba. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini na kuzunguka nchi nyingi akirekodi muziki, alimkuta Jadotville, yaani Likasi ya sasa. Alimrekodi akipiga "Masanga", na kipande hicho kikamfanya Bosco ajulikane mbali kuliko mwanamuziki yeyote wa Katanga kabla yake. Aliligusa gita kwa dole gumba na kidole cha shahada tu, lakini msikilizaji angeapa kuwa wapigaji ni wawili.

Bosco na ndugu yake Edouard Masengo walifika hadi Nairobi, na vijana wa Kenya wakaiga vidole vyao. Mwaka 1969 Bosco alipanda jukwaa la tamasha la Newport kule Marekani. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia.

Namtaja katika sura ya roki kwa sababu yeye na wenzake ndio waliotuzoesha kuwa gita ni chombo cha kusema mambo ya mji. Waliimba kwa Kiswahili, kwa kuwa kambi za migodi zilijaa watu wa makabila mengi na Kiswahili ndicho kilichowakutanisha. Waliimba juu ya pesa, pombe, safari, mapenzi na jela. Wimbo ulikuwa mfupi, ukimshauri mtu au ukimkanya. Asiyejua kusoma gazeti alikuwa na mpiga gita.

Na sauti zilivuka mpaka tangu wakati huo. Mwaka 1949 kulitoka redio ya betri ya bei nafuu yenye umbo la sufuria, iliyokusudiwa wasikilizaji wa kituo cha Lusaka. Kituo hicho kilitangaza kwa lugha za Kiafrika na kurusha nyimbo za watu kama Alick Nkhata, mtangazaji na mpiga gita aliyeimba maisha ya wafanyakazi wa mijini. Mawimbi ya redio hayana pasipoti. Mfanyakazi wa Kitwe na mfanyakazi wa Kolwezi walianza kuusikia mji mmoja katika nyimbo zile, kwa sababu kweli walikuwa wakiishi maisha mamoja: king'ora cha asubuhi, nyumba za kampuni zilizopangwa mistari, posho, vumbi, na mazishi ya mtu aliyeangukiwa na mwamba.

Sauti kutoka ng'ambo

Zambia ilipata uhuru Oktoba 1964, wakati bei ya shaba ikiwa nzuri. Watoto wa wachimbaji wa Kitwe, Chingola na Chililabombwe walikua wakiwa na shule, umeme na baba mwenye mshahara. Waliwasikia Hendrix, Rolling Stones na James Brown, wakataka magita kama yale, na wengine wakayapata. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walianza kutoa muziki wao, ambao baadaye dunia imeuita Zamrock: roki nzito yenye gita linalounguruma, na chini yake mapigo ya ngoma za nyumbani.

Kundi lililotangulia kwa jina ni WITCH. Kiongozi wake, Emmanuel Chanda, aliitwa Jagari kwa kufuata jina la Mick Jagger. Sahani yao "Lazy Bones!!" ilitoka mwaka 1975, mwaka ule ule Amanaz walipotoa "Africa". Rikki Ililonga na kundi la Musi-O-Tunya walifanya kazi Kenya, wakachanganya roki na ngoma. Halafu alikuwapo Paul Ngozi na Ngozi Family yake. Huyu ndiye aliyetugusa kuliko wote, maana aliimba juu ya nyumba zisizo na chakula, ndoa zinazovunjika, ulevi na umbeya wa jirani, kwa maneno ambayo mama wa sokoni angeyatumia. Gita lake lilikwaruza kama msasa juu ya bati, nasi hatukutaka lilainike.

Rais Kenneth Kaunda, ambaye mwenyewe alipenda kupiga gita na kuimba, aliagiza katika miaka hiyo kuwa asilimia 95 ya muziki wa redio uwe wa Wazambia. Mtu anaweza kuilaumu amri ya namna hiyo, lakini ilitupatia zawadi sisi tuliokuwa upande wa pili. Kila tulipoitafuta Zambia kwenye redio usiku, mawimbi yanaposafiri vizuri zaidi, tuliwakuta vijana wa ukanda wetu wenyewe.

Nakumbuka tulivyokaa uani pembeni ya redio, wadogo chini, wakubwa kwenye viti. Kiingereza hatukukijua. Kibemba tuliokota neno hapa na neno pale, kwa kuwa katika kambi za migodi hapakosi jirani mwenye ndugu upande ule. Ilibidi tuwaulize waliotuzidi umri.

"Yaya, banaimba nini pale?"

"Banaimba mambo ya kwetu, mudogo. Sikia tu."

Jibu hilo lilinitosha wakati ule, na hata leo naliona kuwa sahihi. Maneno yalitupita, ila tulijua kwamba kijana mmoja, mtoto wa mchimbaji, amesimama mbele ya kipaza sauti akisema maisha ya nyumbani kwao yalivyo, bila kumsifu mkubwa yeyote. Sisi hatukuwa tumewahi kusikia jambo hilo likifanywa kwa sauti kubwa hivyo. Roki ilinifundisha kwamba linaweza kufanyika.

Sisemi Zambia ilikuwa pepo. Tangu mwisho wa 1972 ilikuwa nchi ya chama kimoja, na vita vya Rhodesia vilikuwa mlangoni. Mwaka 1978 Alick Nkhata, aliyekwisha kustaafu na kuwa mkulima, aliuawa na majeshi ya Rhodesia yaliyovamia Mkushi. Lakini kijana wa Kitwe aliweza kuimba juu ya njaa ya mtaa wake kisha akarudi nyumbani kulala.

Kwetu brashi ndiyo iliyosema

Upande wetu kulikuwa na muziki mtamu usio na idadi. Tulicheza rumba ya Kinshasa hadi alfajiri, na siku zote nitawaheshimu waliotupa furaha ile. Lakini Mobutu alijua nguvu ya wimbo. Nchi ilipoitwa Zaire mwaka 1971, na Katanga ikaitwa Shaba, muziki ulipewa kazi ya chama. Makampuni, shule na ofisi zilikuwa na vikundi vya animasyo vya kuimba na kucheza sifa za rais na chama chake, MPR. Wafanyakazi waliokuwa wakitoa shaba ardhini walitakiwa pia kumshukuru kiongozi kwa nyimbo. Mwaka 1978 hata Franco, mkubwa wa wakubwa wa rumba, alitupwa jela kwa nyimbo zilizohukumiwa kuwa za matusi. Kama yeye alifungwa, kijana wa mtaa wetu wa Manika mwenye gita la kuazima angethubutu nini?

Basi ukweli ulipita mlango mwingine. Miaka ile alikuwapo Kolwezi mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora juu ya viroba vya unga na kuuza picha zake nyumba kwa nyumba. Mwishoni mwa 1973 alikutana na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifanya utafiti mjini humo. Akamchorea historia nzima ya nchi katika picha zaidi ya mia moja, kuanzia zamani za mababu hadi utawala wa Wabelgiji, kifo cha Lumumba, na siku za Mobutu mwenyewe. Akaieleza picha moja moja kwa Kiswahili chetu cha Katanga. Mazungumzo yao yalichapishwa mwaka 1996 katika kitabu "Remembering the Present". Mchoraji mwenyewe habari zake zilikuwa zimepotea tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Nikiziangalia picha zile, naona ndugu wa Paul Ngozi. Zina rangi kali, zina mtu aliyefungwa mikono, zina bomba la kiwanda linalofuka nyuma ya kila tendo. Tshibumba alifanya kwa brashi kile ambacho hapa kwetu hakikuweza kufanywa kwa gita, kwa kuwa picha ilining'inizwa sebuleni mwa mtu na haikupiga kelele barabarani. Kila mji una njia yake ya kusema unapobanwa koo.

Kisha ikaja vita. Tarehe 13 Mei 1978 waasi wa Kikongo wa FNLC waliotokea Angola waliingia Kolwezi, na tarehe 19 askari wa miamvuli wa jeshi la kigeni la Ufaransa walianza kutua. Mamia ya watu walikufa, Wakongo na Wazungu, na mji haukuwa ule tena.

Vita hiyo iligeuza pia sauti ya muziki wa dunia, na wapenzi wengi wa roki hawalijui hilo. Kobalti iliadimika, bei yake ikapanda mara kadhaa katika muda mfupi, na watengenezaji wa spika za Marekani na Ulaya wakaona sumaku za alniko haziwalipi tena. Wakahamia sumaku za feraiti, zisizohitaji kobalti. Mafundi wa sauti hadi leo hubishana juu ya tofauti ya spika za kabla na za baada ya miaka hiyo, na wapo wanaolipa fedha nyingi kupata zile za zamani. Hofu ya watu waliojificha chini ya vitanda Kolwezi ilifika hadi kwenye studio za watu ambao wasingeweza kuuonyesha mji huo kwenye ramani.

Bei iliposhuka

Katikati ya miaka ya 1970 bei ya shaba ilianguka. Mwaka 1975 reli ya Benguela, iliyobeba madini yetu kupitia Dilolo hadi bandari ya Lobito, ilikatwa na vita vya Angola. Pande zote mbili za mpaka ziliumia.

Kwa Zambia, muziki ulionyesha jeraha mapema. Fedha za kigeni zilipopungua, magita, nyuzi na sahani za santuri vikawa adimu. Hali ya usalama ilifanya maonyesho ya usiku yahamie mchana. Halafu ukaja UKIMWI, ukawachukua wanamuziki wengi wa kizazi kile, wakiwemo wengi wa WITCH. Paul Ngozi alifariki mwaka 1989. Jagari alibaki, akawa mwalimu, na baadaye akageukia uchimbaji wa vito. Mtoto wa ukanda wa shaba alitoka kwenye migodi akaenda jukwaani, kisha maisha yakamrudisha kuchimba. Watu wa nje walipozichapisha upya sahani za Zamrock, vijana wa Ulaya na Marekani wakaanza kuzisaka, na WITCH wakarudi jukwaani na kutoa albamu mpya, "Zango", mwaka 2023. Nilifurahi kwa ajili yao, na niliwakumbuka wenzao ambao makofi hayo yaliwakuta kaburini.

Kwetu anguko lilikuja kwa kishindo zaidi. Gécamines, iliyorithi Union Minière baada ya kutaifishwa mwaka 1967, ilikuwa bado inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Septemba 1990 mgodi wa chini wa Kamoto uliporomoka. Kufikia 1994 uzalishaji wote wa kampuni ulikuwa umeshuka chini ya tani 50,000. Katika miaka hiyo hiyo wanasiasa walichochea chuki, na familia za asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi na Kolwezi, zikalala kwenye stesheni zikisubiri treni, na wengi wakafia njiani. Waliofukuzwa walikuwa majirani zetu, na miongoni mwao walikuwamo walimu na wanamuziki. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondolewa kazini kwa mara moja. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliwaita watoto wa kampuni "Bana Shaba" walioachwa na baba yao.

Hapo dhiki ilikuwa kubwa kuliko wakati wowote. Kama dhiki peke yake ingetosha, Kolwezi ingekuwa mji mkuu wa wimbo wa ukweli. Haikuwa hivyo. Wenye vipaji walikwenda Lubumbashi, Kinshasa na Afrika Kusini, na wengine walipiga vinanda kanisani, kwa sababu kanisa lilikuwa na vyombo na jenereta.

Jambo moja halikukubali kufa, nalo ni karindula. Vijana wa Katanga walichukua pipa la mafuta, wakalivika ngozi ya mbuzi, wakalifunga nyuzi nne, wakapata banjo kubwa ya sauti nene. Magita madogo waliyatengeneza kwa makopo ya maziwa na mbao. Walipiga barabarani, baani na kwenye matanga, wakiimba kwa Kiswahili na Kibemba juu ya yale yale ya Paul Ngozi. Mwaka 2011 baadhi ya makundi hayo ya Lubumbashi yalisikika duniani kupitia "The Karindula Sessions". Ukimwona mpigaji amelikalia pipa lake jua kali, akilichapa mpaka ngozi inatetemeka, utaelewa kwa nini naiita roki ya watu waliokosa umeme.

Deni la mji tajiri

Leo Lualaba ni mkoa unaojitegemea, tangu 2015, na Kolwezi ndiyo makao yake. Kongo hutoa karibu asilimia 70 ya kobalti yote ya dunia, nyingi kutoka mashimo yanayouzunguka mji huu. Inaingia kwenye betri za simu na magari. Mwaka 2014 watu wa mtaa wa Kasulo waligundua kwamba madini yako chini ya sakafu zao, wakachimba visima ndani ya nyumba. Juni 2019 wachimbaji wa mikono zaidi ya 40 walifukiwa katika mgodi ulio jirani na mji. Njia kuu ya umeme kutoka Inga, iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, inafikia mwisho hapa hapa, lakini mitaa mingi hulala gizani.

Kijana wa Kolwezi husikiliza muziki wa dunia nzima kwa simu. Hana shida ya kusikia tuliyokuwa nayo sisi. Shida yake ni kusikika. Wapo wanaorekodi rap na karindula ya kisasa katika vyumba vidogo, wakisema wazi kuhusu creuseur, yaani mchimbaji wa mikono, kuhusu vumbi na maji machafu. Nawasikiliza kwa heshima ile ile niliyokuwa nayo mbele ya redio ya uani. Wanachokikosa ndicho walichokuwa nacho vijana wa Kitwe kwa miaka michache: vyombo, mahali pa kufanyia mazoezi, na uhakika kwamba kesho yake hakuna atakayegonga mlango.

Sheria ya madini ya mwaka 2018 inazitaka kampuni zitenge angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zinazoishi karibu na migodi, na jamii hizo hushauriwa juu ya miradi. Visima vya maji, zahanati na madarasa ni vya kwanza, na asitokee wa kuvipinga. Lakini pale wananchi wanapoketi kuandika mahitaji yao, naomba waandike pia chumba cha muziki chenye umeme wa uhakika, magita kumi, ngoma, na mwalimu anayelipwa. Naziomba redio za Kolwezi, Fungurume na Lubudi zitenge saa moja kila wiki kwa nyimbo za ukanda huu, za zamani na za sasa, na ziwahoji wazee waliopiga gita katika kambi kabla hatujawazika. Nawaomba wakubwa wa mkoa wamwache aimbaye. Wimbo unaolalamikia vumbi haujaua mtu. Vumbi lenyewe linaua.

Sisi tuliwahi kuusikia ukweli wa maisha yetu kutoka ng'ambo ya mpaka, katika lugha tuliyoielewa nusu. Watoto wetu wana haki ya kuusikia kwa Kiswahili chao, ukiimbwa katika mitaa ya Manika na Dilala, na wao wenyewe wakiwa ndio waimbaji.